Bibi Aliyeua Watoto Vitabuni

Gaithersburg, Jumapili, Februari.

Baridi ya leo haina hata theluji ya kuipamba. Upepo mtupu, na lami imepauka kwa chumvi. Nimekaa na koti ndani ya nyumba, si kwa sababu hita imeharibika.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba tangu mwaka mpya nimekuwa nikigombana na marehemu. Ni mwandishi wa vitabu vya watoto, Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria. Jina lake silitaji, ametajwa vya kutosha. Binti wa kasisi katika mji wenye unyevu na viwanda, hakuolewa, aliandika vitabu hadi vidole vikapinda. Katika kila kitabu chake mtoto anakufa. Kimoja wamishonari walikitafsiri kwa Kiswahili, na mimi nilikisoma darasa la nne kule Moshi, nikalia mpaka mwalimu akanitoa nje.

Makala yangu dhidi yake ilikuwa tayari. Ilikuwa kali na niliipenda. Nilisema vitabu vile vilitolewa zawadi kwa watoto wa maskini ili wajifunze kufa wakitabasamu, na mwenye kiwanda kilichowaua alale usingizi wake. Kisha vikapandishwa meli, tukaletewa sisi, kana kwamba kwetu kulikuwa na uhaba wa vifo.

Bado naamini hivyo. Niliseme hilo kwanza, kabla sijaanza kuyumba.

Mkononi nilikuwa na kile kitabu cha Kiswahili, kikuukuu, nilichonunua kwa muuza vitabu mmoja mzee. Alhamisi kilikuwa mezani Furaha alipotoka shule.

Furaha ni binti wa jirani yangu wa ghorofa ya chini, ana miaka minane. Mama yake, Mkongomani wa Uvira, anawaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zake hazina huruma, kwa hiyo mtoto hushinda kwangu hadi jioni. Anaelewa Kiswahili chote. Hujibu kwa Kiingereza.

Aliona picha: mvulana aliyelowa amesimama chini ya ngazi. Akataka nimsomee. Nami nikasoma kwa sauti ya dhihaka, nikikatiza kila ukurasa kumwonyesha upuuzi uko wapi. Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana ana kaka. Kaka amekufa, lakini watu wazima wanamwambia msichana kwamba kaka amepelekwa kwa shangazi, pwani. Kila jioni kaka anasimama chini ya ngazi akiwa ameloa. Hasemi kitu. Hawezi kuondoka mpaka mtu amwambie dada yake ukweli.

Niliikumbuka kama hadithi ya kifo. Hilo la uongo nilikuwa nimelisahau kabisa, na nilipolifikia sauti yangu ya dhihaka iliniishia.

Kwa sababu Furaha ana kaka.

Ana kaka anayeitwa Bahati, aliyebaki katika kambi ya wakimbizi Kigoma na bibi yao, kesi yake ya kuhamia Marekani ilipotenganishwa na ya mama. Na Bahati alikufa kwa homa, mvua za mwaka jana. Jengo zima linajua. Kanisa linajua. Mimi najua. Asiyejua ni Furaha.

Sisi hatumwambii mtu msiba akiwa peke yake. Hata mtu mzima, hapa Marekani, akifiwa nyumbani, wa kwanza kupigiwa simu ni rafiki zake. Wanajikusanya, wanakuja mlangoni kwake wote pamoja, ndipo anaambiwa, ili akianguka kuwe na mikono ya kumdaka. Ni desturi nzuri na nimewahi kuitetea kwa maneno makubwa. Lakini inataka watu, na watu hapa wana zamu. Kwanza tulisema Krismasi ipite. Halafu barabara zikaganda. Halafu mchungaji, anayekaa Manassas, akaugua. Miezi ikapita, nasi tukaendelea kumwita mama yake Mama Bahati, kila siku, usoni, mbele ya mtoto, kwa sababu tungeacha tungeulizwa.

Nilipofunga kitabu Furaha aliinuka. Alikwenda akafungua mlango wangu, akasimama akiangalia chini kwenye ngazi. Taa ya pale hujiwasha ikihisi mtu.

Ilijiwasha. Hakukuwa na mtu. Ni taa mbovu, nimeilalamikia mara nyingi kwa wenye jengo. Hata hivyo nilimrudisha ndani, nikafunga mlango.

Jana asubuhi Mama Bahati alinigongea, bado na sare ya kazi, macho mekundu ya kukesha.

"Mwalimu, ulimusomea mutoto nini?"

"Hadithi ya zamani. Ya Wazungu."

"Wazungu gani hao wanauaka batoto mu kitabu?"

"Wote," nikasema.

Alitaka kucheka, ikamshinda, akaketi bila kuvua koti. Akaniambia Furaha amekataa kupita ngazini peke yake. Amemuuliza kama Bahati ameloa.

"Sasa miye nitamujibu nini?"

"Mwambie."

"Eh! Weye unasema 'mwambie' sawa vile unaandikaka ku intaneti. Haraka-haraka. Mutoto hawamwambiake vile, Mwalimu. Inaomba watu."

"Basi tuwaite watu."

"Lini?"

"Kesho. Wakitoka ibada."

Aliinama. Kisha akasema, polepole, akiangalia viatu vyake vyeupe vya kazini: "Siku nitamwambia, atakuwa amekufa ya kweli."

Mimi mwenye jibu kwa kila mtu, wakiwemo maprofesa, nilimtengenezea chai.

Alipoondoka nilifungua wasifu wa yule bibi, wa maktaba, ambao nilikuwa nimeurukaruka nikitafuta silaha tu. Sura ya utotoni nilikuwa sijaisoma. Nani anasoma utoto wa adui yake? Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mvulana aliugua, akaondolewa nyumbani, na dada mtu akaambiwa mtoto amepelekwa pwani kupata hewa. Majira ya baridi yote alimwekea keki zake ndani ya sanduku, zikaota ukungu, akaweka nyingine. Alikuja kujua mwenyewe, akicheza uwanjani mwa kanisa la baba yake, alipolisoma jina la mdogo wake kwenye jiwe. Alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kusoma.

Sikuweza kuendelea. Nikarudia vitabu vyake kichwani, kimoja kimoja. Katika vyote mtoto anakufa, nilikuwa sahihi. Lakini katika vyote kuna mtu anayeketi na mtoto mwingine na kumwambia. Nimevisoma miaka yote hii na hilo sikuliona.

Leo wakaja. Wanawake wa kanisa na sufuria zao, mchungaji amejifunika shali hadi masikioni, anakohoa, kijana mmoja aliyeendesha gari kutoka Springfield akiwa hajalala. Tulijaa sebuleni kwa Mama Bahati, wengine chini, wengine mikononi mwa kochi. Furaha alikuwa kwa rafiki yake mlango wa pili. Viatu vyetu vilikuwa rundo mlangoni.

Alirudi. Tukamsikia akisimama nje.

Aliingia akatutazama mmoja mmoja. Mchungaji akakohoa, na hakuna aliyeanza. Watu wote wale, miezi yote ile ya kungojana ili tuwe wengi, na hakuna aliyeanza.

Furaha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili cha mama yake hasa: "Mumekuya kulia?"

"Kuya hapa, mama," Mama Bahati akamwambia. Ndivyo anavyomwita akimbembeleza.

Hakwenda. "Bahati alikufa?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mvua."

Nilimwona akihesabu. Kisha akauliza kuhusu sauti. Kila Jumapili hurekodi sauti kwenye simu ya mama yake, anamwelezea Bahati habari za shule, za theluji, za mbwa wa jirani. Sauti hizo, nani alikuwa anazisikiliza?

"Koko," mama yake akasema. Yaani bibi yao. "Koko alikuwa anazisikiliza zote."

"Na ile ya Krismasi? Bahati alinijibu."

Hapo hata mimi sikujua. Nikamgeukia Mama Bahati kama wengine wote.

"Ile ilikuwa ya zamani, mama. Niliichungaka." Yaani aliihifadhi.

Sitauandika mlio aliotoa mtoto yule. Nitasema tu kwamba mama yake alifika kwake kabla yetu sote, na kwamba mikono tuliyojisifia ya kudaka watu ilibaki imeshika vikombe. Baadaye ndipo wanawake wakaanza kulia, kwa sauti, kama inavyotakiwa, na jirani wa upande wa pili akagonga ukuta, na mchungaji akatoka kwenda kumweleza.

Furaha amelala sasa. Kabla hajalala alinipita mlangoni, akaniambia kwamba mimi pia nilijua. Hakuuliza. Nikasema ndiyo.

Makala sijaichapisha. Wachapishaji na wamishonari siwasamehe, waje na hoja zao. Lakini yule bibi nimemwondoa kwenye orodha ya maadui, na nyumba imekuwa kimya bila yeye. Katika kimya hicho limenijia jambo ambalo sikulitaka.

Ni lini mara ya mwisho nilipozungumza na mama yangu?

Si kusikia habari zake. Kuzungumza naye. Kaka yangu ndiye hupokea simu. Mama amelala. Mama ameenda jumuiya. Mama anakusalimu sana. Wiki nyingi sasa, na kila mara nimesema haya, mpe salamu zangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye ugomvi wangu na Mwingereza aliyekufa. Na wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kwetu, anayeishi Virginia, tusiyezoeana hata kidogo, alinipigia kuuliza kama wikendi hii inayokuja nitakuwepo nyumbani.

Niliona ni mtu mwema tu.

Kule Moshi sasa ni usiku mkubwa, na nikipiga wataniambia amelala na nitakosa la kusema. Basi nitangoja. Kesho asubuhi nikiamka kwao itakuwa alasiri, jua kali, hakuna mwenye kulala. Nitapiga. Kaka akisema mama amelala, sitagombana. Nitamwambia asimwamshe. Asogeze tu simu karibu na kitanda, nimsikie anavyokoroma.