Namna ya Kumwosha Punda Wako

Garissa,
Jumapili asubuhi.

Kwa dada yangu Nurto,

Asalaam aleikum, abaayo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lafey, na mgongo wa mwanao Ramla uwe umepata nafuu. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila macho hayataki tena maandishi madogo. Tangu tumzike mke wangu Jawahir, redio siiwashi. Yeye ndiye aliyekuwa akibishana nayo.

Sasa nikueleze habari za punda dume uliyeniachia nimtunze kwa muda ulipohama. Unakumbuka nilikupigia simu mwezi wa pili, nikakwambia anasimama miguu kaitanua na mkojo unatoka matone matone. Mimi nilidhani ni joto. Daktari wa mifugo, yule Idman niliyemfundisha darasa la sita, alimchunguza akanicheka. Alisema mwalimu amesugua mgongo mpaka unang'aa, akapasahau penyewe. Hata sikusahau, abaayo; niliona aibu. Akatoa kijiwe cha uchafu, kigumu, ukubwa wa punje ya kunde, kilichokuwa kikibana njia ya mkojo.

Nimejifunza, nawe uyashike haya. Simama ubavuni karibu na bega, kamwe usikae nyuma yake. Mpapase tumbo kwanza mpaka auzoee mkono wako. Tumia maji ya uvuguvugu. Sabuni ya kufulia usiiguse. Ingiza vidole taratibu ndani ya mfuko wa uume, utoe utando na magamba meusi, kisha utafute kijiwe pale nchani, maana ndipo kinapojificha. Suuza mpaka maji yatoke safi. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, ukizidisha utamchubua. Yarrow mwenye duka alipita akaniuliza kama punda anakwenda kuoa. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe alioa bila kuoga, na wateja wake wakacheka kuliko alivyotaka.

Nimezunguka sana. Kila uliponiuliza nitamtuma lini, nilikujibu kwamba bado mgonjwa. Nurto, punda wako alipona kwa siku kumi. Miezi minne iliyobaki nimekudanganya. Kila alfajiri hulia mpaka nitoke, kisha husimama masikio wima nikimsomea gazeti la jana. Hakuna mwingine anayeningoja nitoke.

Juzi dereva Shuaib alinisimulia, bila kujua analolisema, kwamba amemwona Ramla akipanda kutoka kisimani na madumu mawili mgongoni, kamba imemkaa kifuani, akipumzika kila baada ya hatua chache. Wewe uliniambia ameteguka tu, ukanificha usinitie huzuni. Ule mgongo niliuumiza mimi, abti yake, mjomba wa kumlinda, kwa kuogopa kukaa peke yangu.

Lori la Shuaib linarudi huko Lafey tupu leo. Punda yumo, na barua hii umeipokea pamoja na kamba yake. Nimemwosha asubuhi hii, kwa hiyo usimsumbue kwa miezi sita.

Nisalimie Ramla. Mwambie namwomba radhi, na kwamba nitakuja kuiomba mbele yake mvua zikishapita. Nawe nisamehe ukiweza.

Na akilia alfajiri, usihangaike kumtafutia maradhi. Anangoja gazeti.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Duale