Upanga Tuliouacha Kaburini

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, Kinoo. Baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi mbili na bado ukajilaumu kwa nini hukuvaa ya tatu. Asubuhi ukungu ulikuwa umeifunika Waiyaki Way yote, magari yanasikika tu, hayaonekani. Sasa ni jioni, nina kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Leo najivuna. Anayeudhika na ajipe pole.

Wanaonisoma hapa wanaujua ugonjwa wangu. Siku za kazi nakaa mapokezi ya kliniki ya meno kule Hurlingham, nikiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba daktari anakuja sasa hivi. Muda wangu uliobaki wote nimeutoa kwa gemu za safari, zile ambazo wenyewe huziita RPG. Unakuwa mtu mwingine. Unaingia katika nchi yenye wafalme wake, vita vyake vya kale, nyimbo zake, vyakula vyake na uhasama wa koo zake, na unaishi humo miezi. Nimewahi kuwapendekezea ile ya mji wa jangwani, ambako ukimkosea mchuuzi mmoja binamu zake wote wanakupandishia bei. Nimewapendekezea ile ya reli inayopita chini ya bahari, ambayo nilimlilia mpishi wa behewa la mwisho mpaka jirani akabisha kuuliza kama kuna msiba.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ina jina refu la Kiingereza, na sisi huku tunaiita Ukungu tu, kwa sababu nchi yake inafanana na Kinoo ya saa moja asubuhi.

Nilipoisifu hapa mara ya kwanza, msomaji mmoja alinijibu kwa ukali. Aliandika kwamba gemu kama hizo si zetu. Maneno mengi, Kiingereza kigumu, halafu unacheza peke yako kama mtu aliyekosana na majirani. Akamalizia hivi: "Peleka hiyo kitu kwa kibanda ya gemu hapo Kinoo, uone kama kuna mtu atakaa."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu nilihofia anasema kweli.

Basi nikaenda kwa Mama Shiru. Kibanda chake ni cha mabati, kiko nyuma ya duka la saruji na misumari. Mbele anakaanga bhajia, ndani kuna runinga ndogo kadhaa na moja kubwa ambayo ndiyo roho ya mahali pale. Humo huchezwa mpira tu, na sheria ni moja: ukifungwa, unasimama. Unampa mwenzako padi ya kuchezea, unarudi kwenye benchi, unangoja zamu yako ukila bhajia. Sheria hiyo haina rufaa hata kwa mwenye kibanda.

Nilimwomba runinga kubwa, Jumamosi asubuhi tu, kabla wa mpira hawajafika. Akanitazama huku akigeuza bhajia.

"Nafula, hiyo gemu yako watu wanafungana aje?"

Nikamwambia hawafungani.

"Sasa nani anasimama?"

Swali hilo nikaondoka nalo. Nililala nalo, nikaenda nalo kazini, na wiki nzima wagonjwa wa meno walingoja zaidi kidogo kwa sababu akili yangu haikuwa pale. Kumbe jibu lilikuwa kwenye sheria yenyewe. Ukifa, unasimama. Mhusika awe mmoja, wa kibanda kizima. Safari iwe moja. Padi ipite mkono kwa mkono, na anayekufa ampishe mwenzake aendelee pale pale alipoangukia. Mimi nisishike padi kabisa. Kazi yangu iwe kusimama kando ya skrini na kuyatoa maneno yote kwa Kiswahili, sauti ya mfalme iwe ya mfalme, ya mchawi iwe ya mchawi.

Mama Shiru alikubali kwa shingo upande. Alisema mwezi wa saba ukiisha kabla hatujamaliza, runinga inarudi kwa mpira na nisimuulize tena. Mwezi wa saba wakati huo ulikuwa mbali, nikaitikia haraka haraka.

Wa kwanza kukaa alikuwa Barasa, fundi wa vigae, mtu wa kwetu Bungoma, ambaye huongea kana kwamba maneno yanauzwa. Kwa heshima yake mhusika wetu akaitwa Fundi. Wa pili alikuwa Swaleh, kijana wa Lamu anayeuza manukato na kofia mjini karibu na msikiti na kupanga chumba huku kwetu. Baadaye benchi likajaa. Mimi nilikuwa nikitumia saa yangu ya chakula cha mchana Hurlingham kuyatafsiri maneno ya Jumamosi inayofuata, nikiyasema kwa sauti chini ya mti wa maegesho, na askari wa lango akaanza kunisalimia kwa jina la mchawi.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Katika Ukungu kuna mfalme wa kale aliyekufa kijana. Sehemu ile ni ndefu, na wengi wanaocheza huipita wakibonyeza tu. Mimi sikuipita. Niliwasimulia jinsi mama yake alivyokataa kula, jinsi walivyomzika na upanga wake kifuani, jinsi mto ulivyomwombolezea. Nilitoa sauti zote. Hata Mama Shiru aliacha bhajia moja ikaungua.

Halafu Jumamosi iliyopita Fundi akafika kaburini. Skrini inakwambia wazi: bonyeza hapa, chimba, chukua upanga. Upanga ule ndio unaolikata jitu la mwisho kama mkate. Bila huo, jitu lina ngozi ya jiwe na wewe una kisu cha jikoni. Kila mtu duniani anauchukua. Mimi mwenyewe niliandika hapa hapa kwenye blogu, kwa herufi nzito, kwamba msisahau upanga.

Padi ilikuwa kwa Barasa. Akaiweka mapajani.

"Nafula, si wewe ulituambia vile mama yake alilia? Sasa tumchimbe?"

Nikacheka. Nikadhani ni mzaha. Nikatazama benchi, hakuna aliyekuwa anacheka.

Nikawaeleza kwamba ni gemu, kwamba jitu halitakufa bila upanga, kwamba tumebakiwa na Jumamosi moja tu na runinga itaondoka. Barasa akasema kwetu mali ya marehemu hugawanywa mbele ya ukoo, watu wakishanyoa nywele za matanga, na hakuna anayeenda usiku kujichukulia. Mimi mwenyewe nimenyolewa kichwa babu yangu alipofariki, najua ni kweli. Swaleh akaongeza taratibu, "Dadangu, maiti hana mlinzi. Sisi tulio hai ndio wa kumsitiri."

Na Mama Shiru, bila kugeuka, akamaliza kesi: "Mkichimba hiyo kaburi, mtatoka hapa kwangu wote."

Swaleh akachukua padi ili Fundi aondoke. Akabonyeza vitufe ovyo ovyo akitafuta kitu, mpaka akapata kile ambacho mimi siku zote nilidhani ni pambo. Fundi akapiga magoti. Swaleh akasoma dua yake kwa sauti ya chini, kisha Fundi akainuka na kwenda zake mikono mitupu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lazima nikiri. Nilikuwa nimewaleta hadi mlangoni nao wamekataa ufunguo. Wiki nzima nilijua tumeshashindwa, na yule msomaji wangu mkali atashinda, na sababu itakuwa kwamba nilisimulia vizuri mno.

Leo ndiyo ilikuwa leo.

Tulianza mapema, pumzi zinafuka. Barasa akafa. Swaleh akafa. Mwenye duka la saruji akaingia kutazama, akapewa padi, akafa kabla hajajua mguu wa jitu ni upi. Kila anayekufa anasimama, anayesimama anamwambia anayekaa alichoona: linainama kushoto kabla ya kupiga, likinguruma usikimbie, subiri. Wa mpira wakaanza kufika na jezi zao, wakauliza hii ni nini, wakaambiwa wanyamaze. Mmoja wao akapanga foleni. Halafu wa pili. Mama Shiru alikuwa ametundika saa ya ukutani juu ya runinga, naapa aliitundika leo makusudi, na saa sita, mwisho wa muda wetu, ilikuwa inakaribia.

Zamu ikamrudia Barasa. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba fundi wa vigae hana haraka. Anaweka kimoja, anapima, anaweka kingine. Alilidonoa jitu lile kwa kisu cha jikoni kama mtu anayetengeneza bafu la nyumba yake mwenyewe. Linainama, anakwepa, anadonoa. Swaleh alikuwa amemshika bega mshabiki wa mpira asiyemjua kabisa.

Jitu likaanguka.

Kelele iliyotoka katika mabati yale imesikika hadi mtaa wa jirani, Uthiru, nina hakika. Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Kisha nikajikohoza na kujiandaa kusoma mwisho, kwa sababu mwisho wa Ukungu naujua kwa moyo. Fundi anaketi peke yake kwenye kiti cha enzi, anauweka upanga magotini, majina ya waliotengeneza gemu yanapita. Nilikuwa na maneno yote tayari.

Haikuwa hivyo.

Hapakuwa na kiti cha enzi. Ukungu ukafunguka, tukaona lile kaburi, na pembeni yake amesimama yule mfalme kijana, na upanga wake. Nikakwama. Nimeimaliza gemu hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali, na sikuwahi kuiona sehemu hii. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuniambia ipo. Kibanda kizima kikanigeukia kungoja Kiswahili, nami ilibidi nisome kama mtu anayefungua barua mbele ya watu.

Mfalme alisema: "Wote waliokuja kabla yako waliniamsha. Wewe uliniacha nilale."

Mstari huo niliusoma mara mbili. Swaleh akaniambia, "Endelea, dadangu." Nikaendelea. Mfalme alisema mama yake amekwisha kula. Alisema kitu cha marehemu hupewa mtu, hakichukuliwi. Kisha akaushika upanga kwa mikono miwili na kuunyoosha mbele, na kwenye skrini likatokea neno moja tu: pokea.

Barasa akabonyeza. Akaiambia runinga, "Asante, mzee."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa jezi.

Nilisimama pale kando ya skrini machozi yananitiririka na sikujisumbua kuyafuta. Mimi ndiye mjuzi. Mimi ndiye wa kupendekeza, wa kueleza kila jiwe na kila wimbo wa nchi ile. Na mara zote hizo nilipita kaburini nikachimba, nikachukua, nikaenda, nikaandika kwa herufi nzito wengine nao wachimbe. Waliotengeneza Ukungu walificha mwisho huu kwa ajili ya mtu atakayeiamini nchi yao kiasi cha kuwaheshimu wafu wake, na watu hao walikuwa kwenye benchi la Mama Shiru, wananuka saruji na bhajia. Niliwapendekezea gemu na wao wakanirudishia ikiwa kubwa zaidi.

Saa sita ikagonga. Mshabiki mmoja akauliza kama sasa wanaweza kuweka mpira. Mama Shiru alikuwa mlangoni, mikono ina unga wa dengu, macho mekundu ambayo bila shaka atasema ni ya vitunguu.

"Muweke kwa ile ndogo," akasema. Halafu akanigeukia. "Nafula, ile ya reli ya chini ya bahari. Huyo mpishi, anakufa ama hafi?"

Nikamwambia sisemi.

Basi, msomaji wangu mkali, ukipita hapa, ujumbe wako niliupata, na kiti kimekaliwa. Ile mistari ya herufi nzito nimeifuta jioni hii. Mapendekezo yangu juu ya Ukungu sasa ni mafupi: nenda na watu, na usikilize mama wa mfalme akilia.

Kesho Jumapili, sina pa kwenda. Nitaanza upya kabisa, peke yangu, na nikifika pale kaburini nitapiga magoti kwanza, halafu nitaondoka mikono mitupu.