Gari la Wizara

4 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kozi hii ya wizara inachosha. Tunafundishwa jinsi dola inavyobomoka vitani na jinsi ya kuijenga upya. Mahakimu wanasinzia, polisi wanamaliza biskuti.

Jana mkufunzi alionyesha ukutani picha ya kizuizi cha wapiganaji, akauliza tunaona nini. Wenzangu wakajibu: hakuna sheria, hakuna dola. Mimi nilimwona kaka. Yu hai, bunduki begani, anacheka. Na kizuizi ni kile cha darajani, kilichomrudisha baba alipokuwa anapelekwa hospitali. Mama, si ulituambia kaka aliuawa mwanzoni mwa vita? Tangu jana nikifumba macho namwona anacheka. Naogopa. Niambie nimemfananisha tu.

Kitindamimba wako

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni uleule, na paa la jikoni linavuja.

Hukumfananisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemrudisha baba yako, wakubwa zake wakimtazama. Baba aliniambia kabla hajakata roho, akaniusia nisikwambie. Nikasema kaka yako amekufa, maana maiti haichukiwi.

Sasa amerudi. Yupo chumbani kwako, anakohoa damu. Hospitali ni ng'ambo ya daraja, na askari wa pale wanamjua kwa sura. Gari lenu la wizara halisimamishwi. Njoo umvushe, mwanangu. Damu ni nzito kuliko maji.

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo. Natumai paa limezibwa. Kozi inaendelea vizuri, na kwenye mada ya maridhiano nimewapita wote. Gari la wizara lina taratibu zake. Linataka kibali, na mwenye kukitoa yuko safarini. Tuwe na subira.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu, shikamoo yako sijaisikia siku nyingi, lakini marahaba.

Jana tulimzika kaka yako, mimi na jirani mmoja. Siku zake za mwisho, kila gari lilipopunguza mwendo nje, aliuliza, "Ndiye?" Nikamwambia barabara imekatika kwa mvua. Mwishoni akanishika mkono. "Haijakatika, mama. Na mimi ndivyo nilivyomwambia baba pale darajani."

Nimewazaa wawili, na simlaumu yeyote. Mashuka ya kitanda chako nimeyafua. Sijui kama utakubali kulala humo.

Mama yenu