Sikio la Kanze

Muyeye,
Malindi.
9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Vivian,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumba hii. U hali gani huko Doha? Kile kifua kilichokukaba kwa baridi ya kiyoyozi kimepoa? Na yule mama mwenye nyumba, siku hizi anakuacha upumzike Ijumaa, au bado anakumbuka nguo za kupiga pasi kila akikuona umekaa? Huku tunashukuru. Mvua imenyesha kidogo na mihogo ya Mama kule Ganze imeshika.

Barua hii anakuletea jirani yetu Mumbua, anayerudi huko kazini baada ya likizo. Najua utashangaa: Jedida na karatasi wapi na wapi, na simu iko mkononi? Kwenye simu ungelia, nami ningekata. Basi keti kwanza, usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Mwanao Kanze ni mzima na anakula. Naanza na hilo ili moyo usikuruke. Lakini mwezi uliopita alilazwa hospitali, na kosa ni langu.

Ulipoondoka uliniachia kazi ya kumfunza Kiingereza, ili Januari aingie ile shule ya kulipia ambako mtoto huhojiwa kwanza. Nami unanijua, nikishika jambo nalishika kwa meno. Nilianza na maneno yenye g na h pamoja, maana ndiyo yaliyonitoa jasho mimi darasani: night, light, daughter, laugh, cough. Kila asubuhi neno jipya ukutani kwa chaki. Maneno yalipopungua tukaingia kwenye misemo. Mtu akikuuliza hali, mjibu "right as rain", yaani mzima kabisa, sina neno. Huo aliupenda. Siku alipokujibu hivyo kwenye simu ulicheka mpaka ukapaliwa, ukaniambia, "Dada, Mungu akubariki." Weee! Siku hiyo nilijiona mimi ndiye mimi.

Kisha nikazidisha. Nilipiga marufuku Kigiriama na Kiswahili ndani ya nyumba. Nikatoboa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, nikakitia uzi, na akiteleza anakivaa shingoni mpaka jioni. Ndiyo, Vivian, kama kile tulichovalishwa shuleni mimi na wewe, wewe ukakataa kurudi kesho yake mpaka Mama akakuburura. Nilijua kinavyouma na bado nikamvisha mwanao. Nilijiambia kwamba sisi kilitusaidia. Kilitusaidia nini?

Mtoto akapunguza maneno. Majirani wakanisifu kwamba Kanze ana adabu, hasemi ovyo, nami kichwa kikavimba. Kumbe mtoto alikuwa anaogopa. Sikio la kushoto lilianza kumuuma, naye hakuwa na Kiingereza cha kusema sikio linapwita. Asubuhi namuuliza kwa Kiingereza hali yake, naye, "Right as rain." Namwona analala upande mmoja, chai anaiacha nusu, nikasema huyu anadeka kwa kumkosa mamake.

Mama akaja kututembelea na mahindi yake mabichi. Unamjua, hajui hata "yes". Alikaa mkekani, Kanze akamlalia mapajani na kifuniko kikiwa shingoni. Mimi niko jikoni nasukuma chapati, nikasikia mtoto anaanza kulia, anamwita bibi yake, "Hawe, Hawe," na kumweleza jambo kwa Kigiriama. Nami, kwa mazoea tu, nikapaza sauti: "English, Kanze!"

Akanyamaza hapo hapo.

 Mama alimgeuza shavu, akaona usaha umeshuka mpaka kwenye kola. Akamvua kile kifuniko akakitupa uani, akamfunga mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa vile, akatoka kutafuta tuktuk. Niliwafuata mbio na unga mikononi. Njia nzima hakunitazama.

Hospitali mtoto anawaka homa. Daktari akamwuliza kwa Kiingereza anajisikiaje, naye akajibu vile vile, "Right as rain." Daktari akacheka. Alipomulika ndani ya sikio hakucheka tena. Usaha ulikuwa umetoboa ngoma ya sikio. Alilazwa, akapewa dawa na homa ikashuka, lakini upande huo hasikii vizuri. Wanasema kwa umri wake huenda tundu likaziba lenyewe. Tutarudi mwezi ujao apimwe. Sitakudanganya kwamba nina hakika.

Sasa sikiliza kilichonishikisha kalamu. Daktari alimwuliza, safari hii kwa Kiswahili, kwa nini hakumwambia mtu. Kanze akanitazama, kisha akasema, "Nilisahau." Mama naye hajafungua mdomo kwa yeyote. Kwa hiyo ningeweza kukuandikia kwamba aliingiwa na maji sikioni akioga, nawe ungeamini. Lakini mtoto kama yule kunistiri mimi, mtu mzima! Haki ya Mungu, nimeshindwa kulibeba hilo.

Yuko Ganze kwa Mama. Nilikwenda Jumapili kumwomba msamaha. Mama alinipa kiti na maji, mazungumzo hakunipa. Kanze alikuwa anacheza na wenzake, Kigiriama kinamtoka mfululizo, na aliponiona akakatiza katikati ya neno. Nikamwambia, "Sema, mwanangu, sema unavyotaka." Akaangalia chini. Majuto ni mjukuu, Vivian, nami wangu nimempata.

Habari za shule nimeziacha mpaka useme wewe. Ukitaka abaki kwa Mama sitapinga, na ukitaka nisimkaribie, una haki. Naomba moja tu. Mpigie kwa simu ya Mama, si yangu, na umwache aseme lugha itakayomtoka. Akikawia kujibu, mngoje.

Nisalimie Linet na wasichana wote mnaosali pamoja. Kaka Gerishom anakusalimu sana. Bado hajui, nitamwambia mwenyewe. Mwenyezi Mungu akulinde katika nyumba za watu, na akurudishe kwa mwanao ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa kwa sasa sina uso,
Jedida

Nyongeza: Ukipiga, mwambie Mama amshikie simu kwenye sikio la kulia.