Niliomba Bila Kuuliza

Jumamosi, Tudor. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haishuki, na joto limekwama humu ndani. Nimeketi, nimeinuka, nimeketi tena. Chai imepoa mara mbili.

Sina raha.

Nianze na kosa, maana kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba anayelificha kosa hulitunza. Mwezi uliopita, baada ya ibada, Kazungu alipiga magoti mbele yangu. Yeye ni dereva wa tuk-tuk, hubeba abiria kati ya hapa na Mji wa Kale, na kila Jumapili hunipeleka kanisani wala hakubali nauli. Alisema ana haja ya moyo. Kwetu mtu akisema hivyo, mzee wa kanisa haulizi ni haja gani. Humwekea mikono na kuomba. Nikaomba, tena kwa sauti ya kusikiwa na watu.

Haja yenyewe ilikuwa kamari. Alikuwa amebashiri mechi za mpira kwa simu, na akashinda.

Jumapili iliyofuata aliniambia siri hiyo njiani, akicheka. Kisha, wakati wa ushuhuda, akasimama mbele ya wote: "Mwalimu aliniombea, Mungu akanifungulia." Hakusema alifunguliwa nini. Watu wakapiga makofi. Mimi niliyejua nikainamisha kichwa, kama mnyenyekevu.

Nilifurahia makofi yale.

Leo asubuhi amerudi. "Mwalimu, ya leo ni ndogo tu, mechi moja ya saa tisa. Nataka ishara. Nikishinda, Jumatatu tuk-tuk namwekea rehani mtu wa Shimanzi, na pesa zote nazichezea kwa mkupuo. Halafu basi, sichezi tena."

"Na watoto watakula nini?"

"Mwalimu nawe! Ukiomba mvua, wauliza itanyesha shamba la nani?"

Nilikataa kumwombea. Hakukasirika. Alisema ile sala ya kwanza bado ina nguvu, akaenda zake.

Saa kumi nilishindwa kuvumilia. Nilishuka dukani kwa Bwana Salim, jirani yangu wa siku nyingi, ambaye redio yake haizimwi, nikamwuliza mechi ile imefika wapi.

"Lahaula! Mwalimu leo waniuliza mpira? Hata weye wamekupata?"

"Nauliza tu, Bwana Salim."

"Wote huanza kwa kuuliza tu."

Timu ya Kazungu ilikuwa nyuma kwa bao moja. Moyo wangu uliruka kwa furaha, na hapo hapo nikaona haya. Mimi, ambaye sijawahi kuweka hata senti, nilikuwa nimesimama dukani nikingoja matokeo kama mcheza kamari yeyote. Nilitaka apoteze ili nisilazimike kusema neno. Nilitaka mpira ufanye kazi yangu.

Nimewaza sana kuhusu wale askari waliolipigia kura vazi la Bwana wetu huku yeye akivuja damu juu yao. Hawakumchukia. Macho yao yalikuwa kwenye kura tu. Ubaya wa kamari naufahamu hivyo: humfanya mtu asimtazame anayeumia karibu naye. Na kila shilingi anayoishinda Kazungu imetoka kwa mtu mwingine, ambaye huenda naye aliombewa.

Sikungoja mechi iishe. Nilikwenda kwake kwa miguu. Tuk-tuk ilikuwa mlangoni, naye ameketi kibarazani na simu mkononi. Mkewe, Dama, alikuwa akichagua mchele.

Nikasema nikiwa bado nimesimama: "Kazungu, sala yangu haikukushindia kitu. Niliomba bila kujua ni kamari. Kisha nikajua, nikanyamaza."

Dama aliweka ungo chini. "Kamari? Nami nilipiga makofi! Nilidhani umeombewa kifua chako."

 Simu ya Kazungu ilikuwa imewaka. Aliitazama, akaniinulia simu usoni. "Wamerudisha, wakaongeza! Mabao mawili kwa moja, Mwalimu! Nawe leo hukuomba!"

 

Dama alimjibu kabla yangu. "Akiombwa washinda, asipoombwa washinda. Basi Mungu humo yumo kwa kazi gani?"

Binti yao mdogo alichungulia mlangoni. "Baba, tushukuru?"

 Kazungu aliilaza simu kifudifudi juu ya goti, akaitazama tuk-tuk yake. Hakuniahidi lolote, nami sikumlazimisha.

Sasa adhana ya magharibi imekwisha, na mbele yangu pana karatasi yenye mistari miwili: "Niliomba bila kuuliza. Mkanipigia makofi kwa ajili ya kamari, nami nilijua." Nimeisoma mara tatu kwa sauti. Makofi yalipigwa mbele ya kanisa; kukiri hakuwezi kufanyika uani.

Kesho saa mbili kasorobo nitasimama langoni kwangu kama kila Jumapili. Kazungu akija, nitamsomea yeye kwanza, njiani, kisha nitawasomea wengine.

Asipokuja, nitatembea, na nitaisoma.