Tuktuk Yako na Benki ya Kiislamu

Mukami mjukuu wangu,

Pokea salamu kutoka Maua. Goti linanisumbua kidogo, na majirani bado wananiita mgeni wa Embu ingawa nimezeekea hapa.

Unauliza kama Mkristo anaweza kununua tuktuk kupitia benki ya Kiislamu kwa kuwa haitozi riba bali huinunua yenyewe kwanza kisha hukuuzia kwa faida, ilhali baba yako anasema huko ni kuuza imani. Hata mimi sielewi vizuri.

Nilipokuwa msichana Kibugu, kule Embu, Bwana Salim mwenye duka alikubali kununua mtamba wa ng'ombe, kisha amuuzie baba kwa bei ya juu, alipwe kidogokidogo tukiuza majani chai. Faida yake aliitaja waziwazi. Baba, mzee wa kanisa, alicheka.

"Salim, hii ni riba tu, umeivisha kanzu!"

"Mzee, ngoja nimlete kwanza."

Njiani kutoka mnadani mtamba alianguka bondeni akafa. Salim alifika mikono mitupu.

"Aliyekufa ni wangu. Nitatafuta mwingine, bei ni ileile."

Baba alimmiminia chai. Halafu akasema, "Lakini bei ni kubwa." Na huyo wa pili akamnunua.

Mpaka leo sijui nani alimshinda mwenzake. Faida ile ilikuwa kubwa kama riba, lakini kuna kitu hakikufanana. Kwa hiyo watu wa benki usiwaulize habari za dini. Waulize: tuktuk ikigongwa kabla hamjanikabidhi, hasara ni ya nani? Wakitazamana kabla ya kujibu, beba mkoba wako utoke.

Akupendaye,
Nyanya