Sura ya Fundi Saa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Mimi nimekwenda kupimwa macho.

Asubuhi umeniuliza mbona nimenuna. Sijanuna. Uliponisomea ile riwaya, yule fundi saa nilimpa sura ya marehemu babu yako, na kikohozi chake. Kila jioni nilikuwa naye. Jana ukaniwekea filamu yake, akatokea kijana wa watu, meno meupe kama tangazo. Filamu nzuri, sikatai, ile mvua hata nilijifunika shuka. Lakini leo nimefumba macho nimwone babu yako, amekuja yule kijana.

~~Irudishe ulikoitoa.~~ Basi, itazame na wenzako. Ila jioni nisomee tena kuanzia mwanzo, taratibu, nimngoje babu yako.

Bibi yako